Maganda ya Delmar Pruett

Huku kwetu Tolliver kuna mambo mawili ambayo mtu mwenye adabu hayafanyi: hamuulizi jirani ana ng'ombe wangapi, na hafyatui risasi iliyojazwa kwa mkono wa mtu mwingine. La kwanza ni heshima. La pili ni uhai. Risasi ya dukani imepimwa na mashine, ya nyumbani imepimwa na binadamu, na binadamu ana njaa, ana usingizi, ana maneno aliyoambiwa na mkewe asubuhi. Kwa hiyo kila mtu wa bonde hili hujaza zake mwenyewe, na hata ndugu wa tumbo moja hawaazimani.

Isipokuwa za Orrin Haugstad. Kama ungeambiwa uchague mkono mmoja wa kuuamini Montana nzima, wengi wetu tungeutaja wake. Alikuwa dereva wa greda la kaunti hadi alipostaafu, mtu mrefu, mkimya, mwenye masikio ambayo watoto waliyatania barabarani. Mkewe Idella alifariki zamani na hawakujaliwa mtoto. Mimi ni jirani yake ng'ambo ya barabara, na ndimi ninayechemsha kahawa kwenye ukumbi wa klabu ya shabaha, kwa hiyo nimewasikia wanaume hawa wakizungumzia shaba kwa miaka mingi kuliko nilivyomsikia mchungaji akizungumzia mbingu.

Ukiwasikiliza sana unaelewa. Katika risasi, ganda la shaba ndilo kitu pekee kinachorudi nyumbani. Baruti inaungua, fataki ya kuiwasha inakufa, kichwa kinakwenda zake. Ganda linaanguka miguuni pako likiwa bado na moto, unaliokota, unaliosha, unalijaza tena. Wanaume wa Tolliver huyaokota nyasini kama kuku wanaodonoa mtama, na aliye bahili hujaza ganda moja mpaka lipasuke.

Orrin hakuwa bahili wala hakuwa na haraka. Alianza kwa kusoma maandishi ya kitakoni, akitenga kila kiwanda na chake, maana ganda la huyu lina ukuta mnene kuliko la yule, na baruti ileile ikibanwa kwenye nafasi ndogo hukasirika. Shingo zilizokuwa ngumu kwa kutumika alizilainisha kwenye moto wa gesi, ganda kalishika kitakoni kwa vidole vitupu, analizungusha polepole. Vidole vikishindwa, analiachia lidumbukie kwenye beseni la maji. Moto ukishuka hadi kitakoni, alisema, shaba inalegea pale ambapo inatakiwa iwe ngumu, na hapo umejitengenezea bomu.

Halafu ulikuja waya. Ulikuwa waya mwembamba uliochongwa ncha na kupindwa kidogo kama chombo cha daktari wa meno, na aliupitisha ndani ya kila ganda, akiukwaruza ukutani kutoka kitakoni kwenda juu. Ganda likifyatuliwa hurefuka, likirudishwa kwenye umbo lake hurefuka tena, na urefu huo unatoka mahali: unaibwa kwenye ukuta wa karibu na kitako. Kwa nje huoni kitu. Kwa ndani kunakuwa na mfereji, na waya ukikwama kwenye mfereji huo, ganda limekwisha.

"Unayang'oa meno hayo au unayaziba?" Delmar Pruett alikuwa akimwuliza kila anapomkuta ameinama hivyo.

"Meno yangu hayamrukii mtu usoni," Orrin alikuwa akijibu. "Yako sijui."

Delmar alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kanuni yao ilikuwa moja, na Orrin ndiye aliyeifundisha klabu nzima: maganda yaliyonunuliwa pamoja na kufyatuliwa pamoja huzeeka pamoja. Waya ukikwama kwa moja, kopo zima linapondwa kwa nyundo ili asije mjinga mwingine akayaokota. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nimemwona Orrin akiponda maganda ya watu mbele ya macho yao, mwenyewe analalamika, yeye anaponda.

Delmar alifariki kiangazi, moyo, akiwa anafunga seng'enge. Alimwacha binti mmoja, Corliss, dereva wa basi la shule, mwanamke mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikua akimwita Orrin Anko, na baada ya msiba alikuwa akipita kwake kila anaporudisha basi, anamletea soseji, anamfokea kuhusu vyombo. Kwa Orrin, hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumfokea.

Msimu wa kuwinda ulipokaribia alikuja na kopo la kahawa, akaliweka juu ya meza yake ya kazi.

"Anko, nataka unijazie. Nakwenda mlimani na bunduki ya baba."

"Nitakujazia. Nina maganda mapya, hayajaonja moto hata siku moja."

"Sitaki mapya. Nataka haya."

Orrin aliyajua kabla hajayamwaga. Kila ganda lilikuwa na rangi ya kucha nyekundu kitakoni. Corliss alipokuwa mdogo, baba yake alimpa kazi ya kuyapaka alama hiyo kwa rangi ya kucha ya mama yake, na ikawa desturi yao. Kila yalipojazwa aliyapaka upya, hata alipokuwa mtu mzima mwenye basi lake.

"Corly, haya yamezeeka."

"Na wewe je? Mbona bado unatembea?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Yamepita mkononi mwake, Anko. Haya tu. Msimu huu tu. Mwakani nitatumia yoyote utakayonipa."

Orrin aliniambia mwenyewe kilichofuata, baadaye, jikoni kwangu, akiwa hajavua kofia. Aliyaosha. Akayaangalia shingo, zilikuwa nzima. Kisha akachukua waya, na katika maganda ya mwanzo mwanzo tu, ukakwama. Akautoa, akaurudisha, ukakwama palepale. Akaliinua ganda lile kwenye mwanga wa dirisha, na juu kidogo ya kitako akaona mstari mwembamba unaong'aa kuliko shaba nyingine.

Akachukua nyundo, akaliponda. Hilo moja.

Mengine yalikuwa yamesimama mezani na vitako vyao vyekundu. Mkono mmoja ulikuwa na nyundo, mwingine ulikuwa na waya, na hakuna mtu katika kaunti hii aliyejua vizuri kuliko yeye ni upi ulipaswa kufanya kazi. Aliweka chini vyote viwili. Alijiambia kwamba atapunguza baruti kidogo. Alijiambia kwamba Delmar alikuwa mtu makini na kwamba ganda moja laweza kuharibika kwa sababu zake lenyewe. Uongo wa mwerevu una sababu nyingi kuliko wa mjinga. Waya hakuushika tena siku ile, kwa sababu alijua ungemwambia nini, na asingekuwa na pa kujificha.

Walipanda mlimani pamoja, Corliss mbele, Orrin nyuma akihema. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, theluji bado haijashika. Kulungu dume alitokea upande wa pili wa korongo, Corliss akalala juu ya begi lake, akalenga, akafyatua. Mlio ulikuwa na kitu kibaya ndani yake, Orrin anasema aliusikia kifuani kabla ya masikioni. Corliss aliachia bunduki na kushika uso kwa mikono yote miwili. Ganda lilikuwa limekatika pale karibu na kitako, na moto wa baruti, badala ya kwenda mbele, ulirudi nyuma kupitia kwenye bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na kumwingia kwenye jicho la kulia.

Orrin alimshusha hadi kwenye gari, mzee wa umri ule, kwa mteremko ule. Wote mjini wanasimulia jinsi alivyomshusha. Wanachosahau ni kwamba kabla ya kumwinua aliifungua bunduki na kuchungulia, akaona nusu ya ganda imebaki ndani. Nusu nyingine, yenye wekundu, ilikuwa nyasini.

Hospitalini tulijaa kwenye korido kama kawaida yetu, kila mtu na bakuli lake la chakula cha kuoka, kana kwamba jicho linaponywa na viazi. Corliss alikuwa kitandani, amefungwa bandeji nusu uso, mlango wazi. Verl Stokke, mwenyekiti wa klabu, mtu mwenye sauti ya kuuza ng'ombe mnadani, aliingia na kuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

"Maganda yalikuwa ya nani?"

"Ya baba," Corliss akasema.

"Delmar!" Verl akapiga paja. "Nilijua! Nilijua tu. Yule alikuwa anajaza ganda mpaka linamwomba msamaha. Mtu anamwachia mtoto wake uchafu kama ule kwenye kopo? Uzembe gani huo?"

Watu wakaguna, wakatikisa vichwa. Ni mkono gani uliojaza, hakuna aliyeuliza. Nami nilikuwa nimesimama pale na sahani yangu. Waliosema mzigo mzito mpe Mnyamwezi hawakutuona sisi, sisi tulimpa marehemu.

Orrin alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, bado ana matope ya mlimani magotini. Corliss alimgeuzia lile jicho lililobaki. Alikuwa anamtazama yeye, anangoja amtetee rafiki yake. Orrin alifungua mdomo. Kisha akaomba maji ya kunywa, nesi akamletea, akanywa.

Jicho halikutolewa, lakini halioni ila mwanga na kivuli. Mwenye jicho moja hapewi basi lenye watoto. Wakampa Corliss kazi ya jikoni palepale shuleni, akawa anamenya viazi huku akimsikia dereva mpya akisaga gia nje. Kicheko chake kilipotea. Na klabuni jina la baba yake likageuka kuwa kitu. Kijana akileta ganda lililochoka, Verl anamwambia, "Hilo ni Delmar hilo, tupa." Watu wanacheka. Kufika katikati ya majira ya baridi, waliokuwa wakicheka walikuwa hawakumbuki hata kwamba ni jina la mtu.

Orrin aliacha kujaza. Alisema macho yamechoka. Alikuwa akimpelekea Corliss kuni, anamzolea theluji mlangoni hata kabla haijaacha kuanguka, anamtengenezea bomba ambalo halijaharibika. Sisi tukamsifu: tazameni mzee wa watu, mtoto si wake lakini anavyomhangaikia. Sifa hizo alizipokea kwa kuinamisha kichwa, na tukazidi kumsifu kwa unyenyekevu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Orrin hakujaliwa mtoto, lakini mjukuu huyo alimpata, na alilala naye na kuamka naye.

Siku moja Corliss alimwuliza, "Anko, baba alijua? Alijua yamechoka?"

"Sijui, Corly."

"Ulikuwa naye kila siku. Nadhani alijua. Nadhani aliona tabu kununua mengine." Akafungua kabati la jikoni kutoa kopo la nyanya. Pembeni ya nyanya lilikuwa sanduku la majivu ya baba yake. Hakuwa tayari kumzika kabla ya baridi, sasa ardhi ilikuwa imeganda, na mpango ulikuwa wamzike mwezi wa tano kando ya mkewe. "Mchungaji amepiga simu anauliza tarehe. Nimemwambia asihangaike. Akae humohumo na makopo yake, si alipenda makopo?"

Alisema kama utani, lakini aliufunga mlango wa kabati bila kulitoa lile kopo la nyanya. Orrin alitoka bila kofia yake, akakaa kwenye gari mpaka vioo vikaingia barafu kwa ndani. Alikuwa amelichukua jicho la binti wa rafiki yake. Sasa alikuwa anamchukua na baba yake. Hayo ni maneno yake mwenyewe, mimi sijayaongeza chumvi.

Akarudi ndani. Corliss alikuwa amekaa mbele ya sufuria ya viazi.

"Umesahau kofia."

"Nilikuta moja limeoza," Orrin akasema.

"Moja gani?"

"Ganda. Katika yale ya Delmar. Waya ulikwama."

Kisu kikasimama. "Lini?"

"Kabla sijajaza."

"Ukalifanya nini?"

"Nikaliponda."

"Na mengine?"

"Nikayajaza."

"Uliyapima?"

"Sikuyapima. Niliweka waya chini." Alikuwa bado amesimama mlangoni. "Niliogopa utakwama tena. Wewe ulitaka yale, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kukwambia hapana."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"La. Ni langu. Baba yako angeyaponda yote mbele yako, ungelia, basi. Tangu lini Delmar akamwachia mtu ganda bovu? Alikuwa hajayapima kwa sababu msimu ulikuwa haujafika. Alikufa kiangazi, Corly. Kazi ya kuyapima ilikuwa imebaki kwangu."

Corliss hakupiga kelele, na Orrin anasema bora angepiga. Alimenya kiazi kimoja kizima, polepole, ndipo akasema.

"Jicho ningekusamehe, Anko. Nilikuomba, ukashindwa kuninyima. Lakini pale hospitali nilikuwa na jicho moja, na wewe ulikuwa unanitazama ndani yake wakati Verl anamtukana baba. Ukaomba maji."

"Ndiyo."

"Nimemchukia mtu asiye na kosa majira mazima ya baridi. Nimemweka na nyanya."

"Ndiyo."

"Usinijibu ndiyo, ndiyo! Jumamosi kuna chapati klabuni. Utasema mbele ya Verl, mbele ya wote. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, na mimi sitasema kwa adabu."

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, klabu hupika chapati za maji kwa mji mzima, na watu huja na watoto na bibi zao. Jumamosi ile ukumbi ulikuwa umejaa. Orrin aliingia amevaa shati la kanisani. Sikujua kitu, nilidhani kuna msiba. Alisimama karibu na jiko langu, akagonga kikombe kwa kijiko, na kwa vile Orrin hajawahi kuhutubia mtu maishani mwake, watu walinyamaza kwa mshangao tu.

Alisema yote. Waya, ganda lililokwama, nyundo, mengine aliyoyajaza, swali la Verl hospitalini, na glasi ya maji. Hakujitetea wala kujipiga kifua. Alisema kama anavyoeleza barabara ilivyochimbika. Akamaliza, "Delmar hana kosa hata moja. Mmekuwa mkilitumia jina lake vibaya na mimi nikiwasikia."

Mtoto mmoja akadondosha uma. Kisha Verl akainuka, akamwendea, nikasema moyoni leo patachimbika. Verl akamwekea mkono begani.

"Aah, Orrin. Mzee wangu. Hiyo ni bahati mbaya tu, inaweza kumpata yeyote kati yetu. Umebeba mzigo huo peke yako muda wote huu? Pole sana. Kaa, ule kitu."

"Pole, Orrin," wakasema wengine. "Binadamu hakosi kukosea." Mtu akamvutia kiti. Mwingine akasema ujasiri huo wa kusimama si kila mtu anao. Mimi mwenyewe nilishamimina kikombe cha kahawa na kumwekea sukari, na machozi yalikuwa yananilenga. Ulikuwa msamaha mzuri, wa moto, wa haraka, na ulizunguka ukumbi mzima.

Corliss alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Hakuna aliyemwona akiingia.

"Mbona baba yangu hamkumwambia hivyo?" akasema.

Watu wakageuka.

"Huyu kasimama mwenyewe kasema aliona, akajua, akajaza. Mnamwambia bahati mbaya, pole, kaa ule. Baba hakuwepo, mkasema mzembe, mkamfanya utani. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyesema inaweza kumpata yeyote?"

Verl alitoa mkono begani kwa Orrin, akautazama, kana kwamba hajui auweke wapi. Wengine wakazitazama sahani zao. Mimi nilikuwa nimeshika kile kikombe, sijui nimpe nani.

"Nimekuja kuwaambia tunamzika mwezi wa tano," Corliss akasema. "Anayetaka kuja, aje. Anayeona haya, aje vilevile."

Hakumtazama Orrin alipotoka, na Orrin hakumfuata. Kile kiti kilikuwa bado kimevutwa, kinamngoja, na watu walimwonyesha kwa mikono kwamba akae. Hakukaa.